Shingo Kwanza, Tanuri Baadaye

Daktari wa Kijerumani aliyekagua afya za watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, miaka michache kabla ya vita ya 1914, alianzia shingoni. Alipapasa tezi za nyuma ya shingo. Akizikuta zimevimba alizichoma sindano, akavuta majimaji kidogo na kuyatazama kwa hadubini. Alikuwa akitafuta vijidudu vya malale.

Hofu ya malale ilianzia Ziwa Victoria, upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeua watu kwa maelfu. Robert Koch alipiga kambi visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Hata hivyo dawa iliendelea kutumika, na kambi za wagonjwa zikajengwa mpaka Ziwa Tanganyika, mojawapo ikiwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, aliyekuwa na Koch Sese, alionyesha kwamba kijidudu hukomaa kwanza ndani ya mbung'o ndipo kiambukize. Mbung'o wa ziwani hupenda kivuli kilicho karibu na maji. Basi amri ikawa kufyeka: penye kuegesha mitumbwi, penye midomo ya mito, penye kuteka maji. Amri ilikuwa ya daktari, jasho la wenyeji.

Miaka hiyohiyo, kule New York, ukaguzi wa afya ulikuwa wa tanuri: mkaguzi alikuwa akiteremka ngazi kuingia vyumba vya chini ya ardhi vilimookwa mikate. Sheria ya 1895 ilimruhusu kukagua mifereji na kuta, na ilikataza watu kulala chumba cha kuokea. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta kikomo cha sheria hiyo cha saa 60 za kazi kwa wiki, lakini masharti ya usafi yalibaki.

Ujiji, mji wa mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, mkaguzi wa namna hiyo angekagua nini? Soko lake liliishi kwa dagaa, mawese, muhogo na chumvi ya Uvinza. Ngano ilikuwa chakula cha wachache. Waarabu wa Unyanyembe, kule Tabora, waliilima tangu zama za misafara. Ugali ulisongwa uani, na ua wa mtu hauna leseni ya kunyang'anywa. Ila nadhani sababu kubwa ya kukagua shingo na kuacha chakula ni nyingine: malale yalitishia nguvukazi ya koloni, na tumbo la kuhara la mchuuzi halikutishia hesabu ya mtu yeyote ofisini.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, na mji wa kiserikali ukakua kandokando ya ghuba huku Ujiji ikibaki kusini na misikiti na miembe yake. Wabelgiji waliitwaa Kigoma Julai 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Chini ya Waingereza kanuni za miji zilileta bwana afya, mtu wa kuchungulia vyoo, maji yaliyotuama na panya. Sasa ua nao ulikuwa na mgeni.

Malale hayakuisha. Miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha karibu na Kigoma, wakawakusanya kwenye makazi mapya. Mashamba yao ya zamani yaliota pori, nalo likakaliwa na mbung'o wa aina nyingine, asiyehitaji kuwa karibu na ziwa.