Presha ya bibi na somo lililochelewa

Nimerudi chuo juzi, basi la kutoka Singida limenivunja mgongo, ila leo sina stori ya safari. Nina stori ya bibi.

Tulikuwa nyumbani Kiomboi, Iramba. Binamu yangu anasoma udaktari, mwaka wa pili. Usiku mmoja bibi akalalamika kichwa na kizunguzungu. Mashine ya presha ipo, ile ya kupuliza kwa mkono. Macho yote kwa "daktari" wetu. Jamani! Kila mshipa wa mkono anaujua kwa jina, lakini hajawahi kumpima mtu. Akajaribu mara tatu, hakusikia kitu. Tukamwita nesi jirani, dakika mbili kamaliza. Presha juu! Tukamkimbiza bibi hospitali. Sasa hajambo, lakini binamu hakulala usiku ule.

Nikajiuliza, miaka miwili mtu hajagusa mgonjwa, utaratibu huu ulitoka wapi? Nikaenda kuchimba.

Mwishoni mwa karne ya 19, William Osler wa Johns Hopkins, Marekani, aliwatoa wanafunzi ukumbini akawapeleka vitandani kwa wagonjwa. Lakini hao walikuwa wa miaka ya mwisho. Mwaka 1910 Abraham Flexner akatoa ripoti kuhusu vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi vilikuwa ovyo kabisa. Mpango uliokuja kushika ukawa huu: miaka miwili ya sayansi, halafu hospitali. Ulisaidia kweli, ila kitabu na mgonjwa vikatenganishwa, na mtindo huo ukasambaa mpaka huku kwetu.

Baadaye wakaja wabishi. Chuo cha Maastricht, Uholanzi, kilichoanza 1974, kiliwafundisha wanafunzi kupima mapema, wakifanyia mazoezi wenzao na watu walioandaliwa kuigiza wagonjwa. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, Maastricht wakiwa kati ya waliokisaidia. Wanafunzi walipelekwa kwa wananchi tangu mwaka wa kwanza. Muhimbili nao mwaka 2011 wakaanza mitaala inayolenga umahiri, yaani mwanafunzi anaweza kufanya nini, siyo anajua nini tu.

Wapo wanaosema asiyejua mwili unavyofanya kazi atapima namba asizozielewa. Ni kweli. Lakini kwa nini visiende pamoja? Wiki mnayosoma moyo, ndiyo wiki ya kupimana presha. Hata hospitali haihitajiki, mwenzako wa dawati moja anatosha.

Na sisi wa ualimu tusimcheke binamu. Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Piaget ninaye kichwani, lakini mbele ya darasa lenye wanafunzi wa kweli sijasimama hata siku moja. Mliotangulia, hebu niambieni, siku ya kwanza mlifanyaje? Mkono umeshaanza kutetemeka, na chaki yenyewe bado sijaishika.