Bingwa Naye Huugua

  Leo tunaacha chanjo na kuhara, tuzungumze juu ya ugonjwa ambao hapa Kibera na Kawangware tunauficha chini ya kitanda. Ni ile huzuni isiyoisha iitwayo sonona, pamoja na ndugu yake, wasiwasi unaomkaba mtu hadi usingizi ukamkimbia. Nitaupitia kwa wanamichezo, na nitakueleza kwa nini.

Mama mmoja wa Gatina alinijia. Mwanawe ana miaka 19, ni kipa anayelipwa kidogo na timu yake. Tangu aumie goti alikuwa hali na wenzake, anaamka saa tisa usiku na kukaa gizani. Mama alinisimulia haya yote akiwa amesimama mlangoni, ameshika kadi ya kliniki ya mtoto mdogo ili majirani wadhani ameleta mtoto kupimwa uzito. Kisha akasema, "Lakini sista, mchezaji hawezi kuugua akili. Huyu ana nguvu kunishinda."

Neno hilo si lake peke yake, mama. Nchi nzima imelisema kwa miaka mingi.

Labda baba yako anamkumbuka Henry Rono. Mwaka 1978 kijana huyu wa Nandi, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hebu fikiria, nne! Lakini hakuwahi kukimbia Olimpiki. Mwaka 1976 Kenya ilisusia michezo ya Montreal, na mwaka 1980 ikasusia ya Moscow. Mara mbili mlango ulifungwa mbele yake, wala kosa halikuwa lake. Pombe ikamshika. Mwaka 1981 aliweza bado kuvunja tena rekodi ya mita 5,000, na watu wakapiga makofi. Nadhani makofi hayo yalimdhuru, kwa maana anayeshinda hakuna anayemuuliza analalaje. Baadaye alikosa hata pa kulala huko ugenini, akafanya vibarua. Nyumbani tulimwita mlevi, tukamaliza habari. Yeye mwenyewe aliacha pombe, akafundisha wakimbiaji, na mwaka 2007 akatoa kitabu cha maisha yake bila kuficha ulevi wake. Alirudi Kenya mwaka 2019 na akafariki Februari 2024. Mimi muuguzi nakuambia, mara nyingi pombe ni koti tu. Ukilivua unakuta mtu aliyeumia zamani.

Halafu kuna Conjestina Achieng, binti wa Siaya tuliyemwita Mikono ya Mawe. Mwaka 2004 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ngumi. Wasichana wa mtaani walifunga vitambaa mikononi wakamwiga. Alipougua akili, picha zake zilizagaa kwenye magazeti na runinga. Amelazwa Mathari, akarudi kwao, na mwaka 2022 akapelekwa kituo cha matibabu Mombasa. Magonjwa ya akili ni mengi na sitajifanya daktari wake. Ninachouliza ni hiki: angekuwa na malaria, tungemfuata na kamera hivyo? Kwenye foleni ya maji nimesikia kwa masikio yangu watu wakisema amerogwa. Aliyesema ni bangi alijiona msomi.

Samuel Wanjiru alitupa dhahabu ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa, na hakuwa ametimiza miaka 25. Kifo chake kimebishaniwa sana, nami sitaongeza neno.

Aibu hii ilitoka wapi? Sehemu yake ilijengwa kwa mawe. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910, wakati wa ukoloni, na jina lake la kwanza lilimaanisha nyumba ya wendawazimu. Neno "mental" liliondolewa mwaka 1964, lakini hadi leo mtoto akikosea tunamtisha kwamba atapelekwa Mathare. Sehemu nyingine iliandikwa katika sheria: aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kifungu hicho kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinakiuka Katiba Januari 2025 tu. Kwa hiyo mama aliyemficha mwanawe hakuwa mjinga. Aliogopa polisi.

Mwaka 2021 mambo yalianza kusemwa hadharani. Naomi Osaka alijiondoa katika mashindano ya tenisi ya Ufaransa, akasema amekuwa na vipindi vya sonona tangu 2018. Miezi miwili baadaye Simone Biles, mwanasarakasi wa Marekani, aliacha fainali ya timu kwenye Olimpiki ya Tokyo ili atunze akili yake. Siku hizo nilikuwa Kibera, ndani ya banda la video. Vijana wakacheka, "Ameogopa huyo!" Msichana mmoja aliyevaa jezi akauliza polepole, "Kwani ukiogopa unaambia nani?" Kicheko kikaisha. Biles alirudi mwaka 2024 kule Paris, akachukua dhahabu tatu.

Basi mama, mwanao akiwa na huzuni au akikosa hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikibadilika, akijitenga au akijiita mzigo, mlete kituo cha afya kama unavyomleta mwenye homa. Yapo mazungumzo na mshauri, zipo dawa pia. Akitaja kufa, usingoje wiki mbili. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, umlete siku hiyo hiyo. Usianze na "Wewe ni mwanaume, jikaze."

Yule kipa wa Gatina alikuja baada ya wiki tatu, kofia imeshuka hadi machoni. Alikataa kuingia, tukaongea nje kando ya tangi la maji. Mamake alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya ananunua sukuma. Safari ya pili waliingia wote wawili, wakaketi kwenye benchi pamoja na wengine, na safari hii mama hakuwa na kadi ya mtoto mkononi.