Daftari Lililofunguliwa: Jinsi Raia wa Uhindi Walivyopata Haki ya Kujua

Methali yatufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likifungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule yule anayetumia mali, lafaa nini? Swali hilo ndilo lililozaa sheria ya haki ya kupata habari katika nchi ya Uhindi. Mizizi yake mirefu haikuwa bungeni, bali katika vijiji vikavu vya jimbo la Rajasthan.

Uhindi ilipata uhuru mwaka 1947, lakini ilibaki na sheria ya siri za serikali iliyowekwa na Waingereza mwaka 1923. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba raia wana haki ya kujua matendo ya watumishi wao. Hata hivyo, tamko hilo halikumfikia mkulima.

Huko Rajasthan, wakati wa ukame, serikali iliwaajiri wanavijiji kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara. Walipodai mshahara kamili, waliambiwa kwamba kazi yao, kadiri ya vipimo vilivyoandikwa, ilikuwa pungufu. Walipoomba kuviona vipimo hivyo, walijibiwa kwamba ni siri. Tarehe 1 Mei 1990 wakaunda chama, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani umoja wa nguvu za wafanyakazi na wakulima. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Aruna Roy, mama aliyeacha cheo kikubwa serikalini mwaka 1975 ili aishi na watu wa vijijini.

Mwezi Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, chama kiliitisha baraza lake la kwanza la hadhara. Hesabu za ofisi zilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Katika mabaraza ya namna hiyo, watu walisikia majina yao yakitajwa kwa malipo wasiyoyapokea. Walisikia hata majina ya marehemu. Asiyejua kusoma alikuwa shahidi bora, kwa sababu alijua ni nani aliyeshika jembe na ni nani ambaye hakuonekana kazini.

Mwaka 1995 mkuu wa serikali ya jimbo aliahidi kwamba raia watapewa nakala za hesabu. Ahadi haikutimizwa. Basi, tarehe 6 Aprili 1996, wanavijiji waliketi barabarani katika mji wa Beawar, wakakaa siku 40, wakisema: fedha zetu, hesabu zetu. Kutoka hapo dai lao lilienea nchini pote.

Majimbo ya Tamil Nadu na Goa yalitunga sheria zao mwaka 1997, Rajasthan mwaka 2000. Sheria ya kwanza ya taifa zima, ya mwaka 2002, haikuanza kutumika kamwe. Ile ya mwaka 2005 ndiyo iliyoanza kazi tarehe 12 Oktoba. Kadiri ya sheria hiyo, raia huandika ombi bila kueleza sababu. Ofisi hupewa siku 30 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Mtumishi anayechelewesha bila sababu hutozwa rupia 250 kwa siku, hadi rupia 25.000.

Hata hivyo, safari haikuishia hapo. Baadhi ya raia waliouliza maswali waliuawa, na mwaka 2019 bunge lilibadilisha sheria, likaipa serikali uwezo wa kupanga mishahara na muda wa kazi wa makamishna wanaosimamia haki hiyo. Mlango uliofunguliwa kwa jasho waweza kurudishwa polepole.

Tujiulize basi katika vikundi vyetu: penye fedha ya wote, ni nani anayelishika daftari, na ni nani mwenye ruhusa ya kulisoma? Wanavijiji wa Rajasthan hawakuomba sadaka. Waliomba kuona karatasi zilizobeba majina yao.