Kigamboni: Kutoka Bei ya Minazi hadi Bei ya Mita

Sisi wa Tungi, huku Kigamboni, tulikuwa tukisema "naenda mjini" ilhali mji tunauona. Ikulu ile pale, na taa za Kivukoni ziliwaka mbele ya macho yetu kila usiku. Katikati palikuwa na mkondo wa bandari, na pantoni ndiyo iliyoamua nani avuke na saa ngapi. Ikiharibika, mwenye gari alizunguka Kongowe na Mbagala, nusu ya siku ikamwishia barabarani.

Si kwamba maendeleo hayakuwahi kuvuka. TANU ilianzisha Chuo cha Kivukoni upande wetu mwaka 1961. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kikaanza kazi mwaka 1966. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya mafuta, na kufikia 1968 bomba la TAZAMA lilikuwa limekamilika, kilomita 1,710 kutoka Kigamboni hadi Ndola. Mafuta yalifika Zambia, huku babu yangu bado akipanga foleni ya pantoni na viroba vyake vya nazi.

Lakini maji hayohayo ya mkondo yalitulinda na wanunuzi. Ardhi yenyewe haikuwa na bei. Aliyeuza shamba aliuza minazi na mikorosho, ikahesabiwa mti kwa mti. Mpaka ulikuwa minyaa, na ushahidi ulikuwa wazee.

Mwaka 2008 ukaja mpango wa mji mpya. Ujenzi ukasimamishwa, watu wakangoja fidia huku mapaa yakivuja. Wengine walichoka wakauza. Mpango ukafifia, ila madalali walikwishaijua njia. Tarehe 19 Aprili 2016 Rais Magufuli akafungua daraja la mita 680, njia sita, kutoka Kurasini hadi Vijibweni, likapewa jina la Nyerere.

Mimi nilikuwa nimehama; niliporudi nyumbani nilipita juu yake. Kibada fremu za maduka zimepangana, bajaji zinagombea abiria. Shamba la babu limekuwa viwanja. Palipokuwa na minyaa pamesimama bikoni za zege, na mnazi mmoja umebaki ndani ya ukuta wa mtu. Kwa jirani wameandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Shangazi alinionyesha eneo lake la zamani akasema, "Mwanangu, sisi tuliuza kwa minazi, wao wanauza kwa mita."

Silaumu daraja. Gari la wagonjwa halingoji tena pantoni, na hilo pekee linatosha kulishukuru. Ila wengi waliovumilia miaka ya foleni waliuza kabla halijasimama, na thamani iliyokuja nalo ikawakuta ni wapangaji. Mji sasa unaelekea Kimbiji na Pembamnazi. Ndugu zangu wa huko, pimeni kwanza, hati iwe mkononi, ndipo mumkaribishe dalali barazani.