Mafuriko katika Unabii: Namna ya Kusoma Alama

Mwamini wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, hahitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Mvua zilizoanza Desemba 2009 ziliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Hata hivyo, akutanapo na mafuriko katika unabii, asidhani mara moja kwamba nabii anasimulia maji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum (1965), namba 12, unafundisha kwamba mfasiri wa Maandiko Matakatifu hutafuta alichokusudia mwandishi, akizingatia aina ya uandishi wake.

Tutazame Isaya 8:5-8. Maji ya Shiloa yaendayo polepole ni ulinzi wa Mungu ambao watu waliudharau. Mto mkuu unaofurika ni mfalme wa Ashuru. Nabii mwenyewe anamtaja. Maji hayo yanafika shingoni, hayapiti kichwa: mwaka 701 K.K. Senakeribu aliteka miji ya Yuda, lakini Yerusalemu haikuanguka. Vivyo hivyo, katika Ufunuo 17:15 malaika anaeleza kwamba maji ni makutano ya watu na mataifa.

Basi, maana ya alama itafutwe kwanza ndani ya Maandiko yenyewe, kisha katika historia, daima pamoja na Kanisa. Mto ukifurika, tusimwambie jirani aliyepoteza shamba kwamba ameadhibiwa, wala tusitangaze tarehe ya mwisho, kwa maana saa hiyo aijua Baba peke yake (Mk 13:32). Tumpelekee chakula na jembe.