Tanuri la uwani: tulitaka pizza, tukapata mofa

 Samahani kwa kimya kirefu. Wengi mmeniuliza kwa simu ule moshi wa kwenye picha za uwani kwetu ni wa nini, na kama nimefungua kiwanda cha matofali. Hehehe! Sijafungua kiwanda, nimejenga tanuri. Lakini kisa chake kimenirudisha nyuma sana kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo kama mna kahawa karibu jimiminieni.

Yalianza na watoto. Nyinyi mnawajua, wamezaliwa Muscat na wanachokijua ni pizza. Tulipokuja likizo nikawapeleka Forodhani, wakaagiza "pizza ya Zanzibar", wakaletewa chapati iliyokunjwa na mayai na nyama ndani, imekaangwa kwenye chuma. Walikula yote, tena wakaramba vidole, lakini wakasema, "Baba, hii si pizza!" Kweli si pizza. Basi kwa ubishi wangu nikawaahidi kwamba tukirudi nitawajengea tanuri la kuni la Kitaliano uwani, waone pizza ya haki.

Huku mambo kama hayo hufanywa kuanzia Novemba, jua likishapoa. Nikanunua matofali ya moto Wadi Kabir, nikatengeneza kichuguu cha mchanga mbichi kama kuba, nikajenga juu yake, nikatoa mchanga. Kuna hesabu moja ya kuzingatia: kimo cha mlango kiwe kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani. Kuba langu lina sentimita 40, mlango 25. Ukishusha zaidi moshi hautoki, ukipandisha moto wote unakimbilia nje. Hapo sikukosea. Nilipokosea ni kwenye kuunganisha matofali, nikatumia saruji ya mfuko, ile ile tunayojengea nyumba. Moto wa kwanza, ufa mdogo. Moto wa pili, kuba likapasuka kutoka mlangoni mpaka nyuma.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyezaliwa Bujumbura kwa wazazi wa Bahla, akaja kutazama. Kiswahili chake ni cha Burundi, mimi changu cha Mjini Unguja, tunaelewana kwa kucheka. Akagusa ule ufa akasema, "Kijana, umetumia nini?" Nikamwambia saruji. "Hii siyo saruji," akasema. "Twende Bahla nikuonyeshe saruji."

Jamani, mimi nimekuwa nikilitamka neno hili tangu utoto bila kujua linatoka wapi. Waomani wana kitu kiitwacho saruji kilichokuwepo karne nyingi kabla ya Mwingereza Joseph Aspdin kupata hati ya saruji yake ya Portland mwaka 1824. Huchukuliwa udongo, ukakandwa na maji, ukafanywa mabonge, yakakaushwa juani. Kisha mabonge hupangwa juu ya magogo ya mitende na kuchomwa kwa siku kadhaa. Yakipoa hupondwa yakawa unga, na unga huo ukichanganywa na maji ndiyo saruji. Maji hayapenyi, ndiyo maana mifereji ya falaji imepakwa hiyo. Falaji tano za Oman ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na ngome ya Bahla iliingia mapema zaidi, 1987. Kwa hiyo neno lilivuka bahari likafika kwetu, halafu mfuko wa kiwandani ulipokuja tukaupa jina lile lile. Tukasahau kwamba ya asili ilizaliwa motoni. Ile ya mfuko, moto mkali unaivunja nguvu.

Bahla ni kama kilomita 200 kutoka Muscat, na ni mji wa wafinyanzi. Njiani mzee akanipa darsa la pili. Matanuri ya mikate, alisema, ni koo mbili. Ukoo mmoja ni wa kuba, mlango ubavuni, mkate unakaa sakafuni. Hilo ndilo la Waitaliano, na ni la kale kweli: Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, matanuri yake ya kuba bado yamesimama. Ukoo wa pili ni wa mtungi, mdomo juu, moto chini, na mkate unabandikwa ukutani. Hilo ndilo tanuri letu. Jina lake lilikuwepo Mesopotamia ya kale, ambako waliliita tinuru. Waarabu wakasema tannur, na neno hilo limo hata kwenye kisa cha Nabii Nuhu katika Surat Hud. Wahindi wana tanduri. Waomani wa bara wana tanuri la shimo, ambalo sikukuu hufukiwa nyama ya shuwa iliyopakwa viungo na kufungwa kwenye majani, ikalala humo siku nzima au mbili.

Na sisi je? Sisi tuna mkate wa Ajemi, ambao jina lake lenyewe linasema umetoka wapi. Na tuna mofa. Wasomali wana mkate wao wanauita muufo, na watu wa Tihama, mwambao wa Bahari ya Shamu, tanuri lao la udongo wanaliita mifa. Hebu yatamkeni kwa pamoja: mofa, muufo, mifa. Vyombo vilivyokuja na kaskazi na kurudi na kusi vilibeba tende na samaki mkavu kwenda, karafuu na boriti za mikoko kurudi. Kumbe na mapishi yalipanda humo.

Nilirudi na unga wa saruji ya Bahla na mtungi mkubwa wa udongo uliokatwa kitako. Kuba nikalijenga upya kwa udongo. Pembeni yake nikasimamisha mtungi ndani ya kisanduku cha matofali, nikaujazia mchanga ubavuni, nje nikapaka saruji ya haki.

Sasa ndiyo nije kwa Shangazi. Mnamjua, hasemi sana. Aliondoka Unguja mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akiwa na miaka 12. Akakaa Mombasa miaka kumi, akaja Muscat 1974, baada ya Sultan Qaboos, aliyeshika utawala 1970, kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Pizza hakuijali, alionja kipande akasema chumvi nyingi. Lakini alipouona ule mtungi alisimama kimya. Kisha akauliza, "Unga wa mtama mnao?"

Akaukanda mwenyewe, akauacha uumuke. Akalowesha mkono mpaka kwenye kiwiko, akauingiza tanurini. Mkate wa kwanza ukaanguka majivuni. Wa pili pia. Watoto wakaanza kucheka, nikawakata jicho. Akasema, "Ukuta haujashiba moto. Ngojeni ugeuke mweupe." Tukangoja kama nusu saa, weusi wa masizi ukaungua wote ukutani. Wa tatu ukashika.

Tulikula na mchuzi wa pweza. Katikati ya chakula, bila kuulizwa, Shangazi akasema siku waliyoondoka nyumbani unga wa mofa ulikuwa umeshakandwa, bakuli limefunikwa kitambaa, na Bibi aligeuka mara mbili kulitazama. Miaka yote niliyoishi naye huku sijapata kumsikia akisema hilo. Hakuongeza neno, akaomba chai.

Tangu hapo kila Ijumaa binti yangu mkubwa anaingiza mkono tanurini, Shangazi kakaa kitini anamwelekeza. Ameshaungua mara mbili, na mikate yake mingi bado inaanguka, lakini hataki kuacha. Sikukuu ijayo mzee wa Bujumbura ameahidi kutuchimbia shimo la shuwa.

Nina ombi moja. Shangazi anakumbuka mkono ulivyokwenda, kipimo cha unga hakikumbuki, maana alikuwa mtoto. Kama kuna mama au bibi Malindi, Mkunazini au Wete anayepika mofa mpaka leo, tafadhali mkae naye muandike: mtama kiasi gani, ngano kiasi gani, unaumuka saa ngapi. Nipigieni simu hata usiku. Msingoje mpaka mje likizo.

Wasalaam, na nisalimieni wote.