Kisukari na Macho katika Bonde la Kilombero

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na kutokana na safari hiyo uchunguzi wa maradhi ukapata makao katika bonde la Kilombero. Yaliyotafutwa zamani hizo yalikuwa maradhi yaletwayo na wadudu, kama vile malaria na homa ya papasi. Kisukari hakina mdudu, basi kilichelewa kuhesabiwa.

Mwaka 1989 Dr. D. G. McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya vijiji 6 vya mikoa ya Kilimanjaro, Mara na Morogoro, mkoa ambamo Ifakara imo. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Miongoni mwa Watanzania wenye asili ya Bara Hindi mjini Dar es Salaam, kiwango kilichopatikana baadaye kilikuwa kikubwa mara kadhaa.

Si haki kuzisoma tarakimu hizo kama hukumu ya damu. Asili huchangia, lakini chakula, kazi na umri huchangia pia, nayo hubadilika. Tena, sukari ikizidi mwilini, mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho huharibika kimyakimya, bila maumivu, awe mgonjwa Mndamba, Mpogoro au Mhindi. Anayepimwa macho kila mwaka huwahi kutibiwa. Aliye mbali na mganga wa macho hufika nuru imekwisha kupungua. Uchache wa mwaka 1989 ulikuwa habari ya wakati wake; haukuwa ahadi.